Magurudumu ya Masista

Baba yangu alikuwa na baiskeli ya mashindano katika mji usio na mahali pa kushindania. Bukavu ni vilima vitupu. Ukishuka utapanda, ukipanda utashuka, na ukikuta mahali pa tambarare ujue umekaribia kuingia ziwani. Lakini mzungu mmoja, mwalimu wa mkataba, alipofunga mizigo kurudi kwao alimwachia baba baiskeli hiyo kama zawadi ya kuagana, na baba hakuwa mtu wa kurudisha zawadi. Ilikuwa nyekundu. Usukani wake ulijikunja kama pembe za kondoo dume, na magurudumu yake yalikuwa membamba hata majirani wetu wa Bagira walikuja kuyatazama wakauliza kama yamemalizika kutengenezwa au bado.

Hiyo ilikuwa miaka ya Zaïre. Baba alikuwa karani katika ofisi moja mjini, na abakosti yake ya kijivu, lile koti la bila tai lililoamriwa na serikali, ilipigwa pasi mpaka viwiko vikang'aa. Kwa muda aliiendesha baiskeli mwenyewe. Kisha ofisi ikaanza kutuma gari kuwachukua makarani asubuhi na kuwarudisha saa nane mchana, na baiskeli ikabaki sebuleni, imeegemea ukuta chini ya picha ya Moyo Mtakatifu, ikipanguswa vumbi kila Jumapili baada ya misa. Kwetu baiskeli huitwa kinga. Baba peke yake ndiye aliyesema velo, tena kwa sauti ya puani.

Mimi nilikuwa mtoto wake wa kwanza, na msichana. Nilipomaliza sekondari nilipata nafasi katika shule ya juu ya ualimu mjini. Vitanda vya bweni walipewa waliotoka mbali, Kamituga na huko ndani. Sisi wa Bagira tulihesabiwa kuwa watu wa mji, tukalale kwetu. Masomo yalikwisha jioni. Kamioneti za kurudi Bagira hazikuondoka mpaka zijae, na ikiwa dereva amekaa kwenye chupa, zilingoja mpaka na yeye ajae. Kwa miguu ilikuwa njia ndefu, yenye korongo na migomba mingi, na giza la huku kwetu halipigi hodi.

Hapo ndipo mama alipoweka sharti lake. Mama alikuwa mkulima. Shamba lake lilikuwa bondeni, chini ya nyumba zetu, na hakuwahi kukaa darasani hata siku moja. Hakupinga nisome. Alisema tu, akichambua maharagwe, bila kuinua macho:

“Kengele ya magaribi ikilia na haujafika hapa, kesho yake unabakia. Mutoto mwanamuke wa kutembea na giza, mimi sina.”

Kengele ya parokia ililia saa kumi na mbili. Baba alikohoa. Alikuwa na maneno mengi ya Kifaransa, lakini mbele ya mama yote yaliishia kooni. Alinitazama mimi, akaitazama ile nyekundu ukutani, na jioni hiyo hiyo nikarithi baiskeli ya mashindano.

Kuipanda kulikuwa na mambo yake. Siku zile wanawake tulikatazwa suruali, na baiskeli ilikuwa na lile bomba la katikati la kiume. Nilivaa kaptula ya zamani ya baba kwa ndani, kikwembe, yaani kitenge, nikakipandisha na kukifunga kiunoni kama mama alivyofanya shambani, na nikikaribia lango la shule nilikishusha, nikawa binti wa watu tena. Wamama wa njiani walishika midomo. Mmoja aliyeuza ndizi kwenye kona aliniuliza kila asubuhi:

“Weye, utazaala na hiyo kinga?”

Nami nikamjibu kila asubuhi kwamba nikizaa nitamletea mtoto amlee. Sikuwa na mdomo wa kufungwa, na sina hata leo.

Lakini, jamani, ule mteremko wa asubuhi! Ukungu bado umelala juu ya ziwa, moshi wa majiko unatoka kwenye paa za mabati, upepo unakupiga machoni mpaka machozi yanakimbilia masikioni. Nilikuwa na umri ambao mtu anaamini kwamba barabara imetengenezwa kwa ajili yake. Nimepanda magari mengi tangu wakati huo, na ndege mara mbili tatu, na hakuna kilichonipa tena furaha ya namna hiyo.

Tatizo lilikuwa magurudumu. Tairi zake hazikuwa kama tulizozoea, zenye mpira wa ndani ambao unautoa, unauziba, unaurudisha. Zile zilikuwa bwayo: mpira wa ndani umeshonewa kabisa ndani ya ule wa nje, kama nyama ndani ya utumbo, halafu kitu chote kimebandikwa kwa gundi juu ya janti, yaani lile duara jepesi la gurudumu. Ikitoboka, unaibandua, unafumua mshono, unaziba, unashona upya, unabandika. Baba aliifanya kazi hiyo jioni, bado amevaa abakosti, miwani puani, sindano ya kushonea magunia mkononi. Gundi ya mzungu ilipokwisha alichemsha ya kwake mwenyewe, na harufu yake ilituondoa sote sebuleni, hata paka.

Na barabara ilikuwa na ugonjwa mwingine, tena wa kujitakia. Jumamosi ilikuwa siku ya salongo, ile kazi ya lazima ya wananchi wote, na mtaa wetu ulipewa kujaza mashimo ya barabara ya kushuka mjini. Waliyajaza kwa moyo wote. Waliyajaza kwa mawe makubwa kuliko mashimo yenyewe na kwa matofali ya kuvunjika, wakiimba, baba yangu akiwa mbele yao anaonyesha kwa kidole palipobaki. Jumatatu nilikuta kila shimo limekuwa kichuguu. Baba aliharibu Jumamosi, akashona Jumatatu.

Janti zikaanza kupinda. Reyo, vile vijiti vya chuma vinavyoshika gurudumu kutoka katikati, zikaanza kukatika, na kila iliyokatika ilikuwa hasara ya milele kwa sababu urefu wake haukupatikana popote huku kwetu. Mara ya kwanza nilipochelewa mama alinisamehe. Mara ya pili nilimkuta amekaa mlangoni, mikono mapajani, kengele imekwisha kulia, nami naisukuma baiskeli inayochechemea.

“Hii njo ya mwisho,” akasema. “Ingine, unashika jembe pamoja na mimi.”

Nilijua hatanii. Mama hakuwahi kunipiga wala kunipigia kelele. Alichosema alikitenda, na hiyo ndiyo ilikuwa shida yake. Nililia kwa hasira zaidi kuliko huzuni. Nilitaka kuwa mwalimu. Na masomo yangu yote yalikuwa yamening'inia kwenye vitu viwili vya duara visivyozidi uzito wa kuku.

Baba akaitisha kikao cha ukoo. Katika familia yetu jambo kubwa halikununuliwa bila mjomba, kaka yake mama, aliyeishi upande wa Kabare. Yeye ndiye aliyechagua ng'ombe wa mahari wa kila kijana wetu aliyeoa, na hakuna ng'ombe wake aliyerudishwa. Alikuja na fimbo yake na kofia yake. Hakuuliza kitu. Aliizunguka baiskeli, akaishika mgongo, akainama akaipapasa magurudumu kama mtu anayepapasa miguu ya mtamba, kisha akanyanyuka.

“Pembe iko muzuri,” akasema. “Miguu, hapana. Na pembe haitembeake.”

Baba alitaka magurudumu mapya, sawa, lakini membamba vile vile. “Hii ni velo ya course, ya mashindano, shemeji. Iko na heshima yake.”

“Heshima njo inachelewesha mutoto.”

Wakabishana mpaka chupa ya pili ya kasiksi ikakauka, ile pombe yetu ya ndizi. Mwishowe baba alishindwa, kama alivyoshindwa siku zote na watu wa ukoo wa mama, na mjomba akaagizwa akatafute magurudumu ya kudumu, ya watu wa kawaida, yasiyotuua kwa bei. Alisema tumwachie yeye.

Alirudi baada ya siku chache, magurudumu mawili yamening'inia mabegani, jasho linatiririka, kicheko mpaka masikioni. Yalitoka kwenye baiskeli ya mizigo, moja ya zile zilizokuwa zikishusha magunia ya makaa kutoka milimani. Tairi nene, janti za chuma kizito, reyo nyingi kama miiba ya nungunungu. Alikuwa ameyabadilisha na mbuzi. Alilaza moja chini uani, akasimama juu yake na viatu vyake, akaruka kidogo. Halikulia hata kidogo. Majirani wakapiga makofi.

Basi tukaigeuza baiskeli, miguu juu, tukajaribu kutia la mbele. Halikuingia. Tairi iligota kwenye uma wa baiskeli kabla ekseli haijafika mahali pake. Baba akatoa hewa. Halikuingia. Akatoa tairi kabisa. Likaingia, lakini breki zikawa zinashika hewa, na bila tairi ningepanda nini? La nyuma ndilo halikukaribia hata kidogo. Mjomba alikuwa amekwenda kuchagua ng'ombe bila kupima mlango wa zizi. Hakuna hata mmoja wetu aliyefikiria kumpa kipimo, kwa sababu katika ukoo wetu hakuna aliyewahi kumpa mjomba kipimo cha kitu chochote. Mama aliingia ndani haraka, na tulisikia akicheka jikoni.

Mjomba hakuona haya. Aliipangusa kofia yake akasema: “Magurudumu iko bien. Njo kinga yenu iko ndogo.”

Kuyarudisha hakukuwezekana. Mbuzi alikuwa ameliwa siku ile ile, kwenye ubatizo wa mtoto wa muuzaji, na mjomba mwenyewe alikuwa amebaki akala.

Hapo nikasema. Nilisema nimesimama, mbele ya wazee, jambo ambalo halikufanyika kwetu. “Baba, ni nani anapanda hii kinga?”

“Ni weye.”

“Basi niache nichague mwenyewe.”

Baba alimtazama mjomba, mjomba akaitazama fimbo yake. Hakuna aliyesema ndiyo, lakini hakuna aliyesema hapana, na mtu wa mdomo kama wangu hangoji zaidi ya hapo.

Jumamosi, baada ya salongo, nilikwenda na baba soko la Kadutu, kwa fundi wa baiskeli aliyekuwa na kibanda kilichojaa vyuma. Nilikuwa na kamba mkononi, nimeipima ndani ya uma wa baiskeli yetu na kuifunga mafundo: upana hapa, urefu pale. Fundi yule alikuwa mtu wa maneno na nyimbo, na kila msichana kwake alikuwa mamzele. Alinitolea kwanza magurudumu mapya kabisa, yamevuka mto Ruzizi wa mpakani kutoka ng'ambo, mepesi, yanang'aa kama sahani za arusi. Ukiyazungusha hayana sauti. Macho ya baba yalilowa. Kamba yangu nayo ilikubali.

“Reyo ikikatika,” nikauliza, “napata wapi ingine?”

“Ah, mamzele, kule kule.”

“Kule wapi?”

“Kwa wazungu.”

Nikayarudisha. Baba alishusha pumzi kama mtu anayeaga maiti. Lakini nilikuwa nimekwisha kuelewa jambo moja kutokana na zile jioni zote za sindano na gundi: hakuna gurudumu lisilougua. La kununua ni lile ambalo ukilipeleka Kadutu dawa yake ipo.

Fundi akaleta mengine, ya bei ya watu, aliyoyaunga mwenyewe kwa vipande vya huku na kule. Nikayazungusha nimeweka ukucha karibu na janti, nione kama inakuja na kurudi. Ilikuja na kurudi kama mlevi. Kisha nikazigusa reyo moja moja kwa kidole, nisikilize. Nilikuwa mwimbaji wa kwaya ya parokia, sauti ya pili, na sikio langu halikudanganyika: reyo zilizokazwa sawasawa hulia karibu sauti moja. Zake, moja ililia, ya pili ikakoroma, ya tatu haikusema kitu.

“Mamzele,” fundi akasema, amekasirika sasa, “unauza gurudumu ao unauza gitare?” Kwetu kuuza na kununua ni neno moja, na hasira ni ile ile.

Tulirudi mikono mitupu. Njia nzima nilikuwa nahesabu moyoni ni asubuhi ngapi zimebaki kabla sijachelewa tena. Tulipofika Bagira tulipita parokiani ili niache daftari la nyimbo, na nyuma ya dispensari, chini ya kibanda cha kuni, nikaziona. Baiskeli mbili za masista. Tangu walipopata gari dogo hakuna aliyezigusa. Kuku walikuwa wamelala kwenye viti vyake. Magurudumu yake yalikuwa madogo kidogo kuliko ya baba, yamenenepa bila kuvimba, janti za chuma cha kung'aa, reyo nyingi. Nikafukuza kuku, nikazungusha la mbele, nikaweka ukucha. Lilikwenda sawa. Nikazigusa reyo: zililia kama masista wenyewe kwenye masifu ya jioni, zote pamoja. Nikaleta kamba. Urefu ulipita. Upana ulipita kwa nafasi ndogo sana, lakini ulipita.

Na kulikuwa na jambo jingine lililonifurahisha zaidi. Misheni zote za Kivu, kuanzia Katana mpaka Walungu, zilikuwa na baiskeli za aina ile. Kila fundi wa soko alikuwa na reyo zake kwenye kopo, na tairi zake zilining'inia kila kibanda.

Sista mzee aliyesimamia bustani alikuwa na shida yake mwenyewe. Alitaka mkokoteni wa kubebea maji na kabichi, na magurudumu yale madogo yangezama kwenye udongo. Nikamwambia tunayo mawili makubwa, ya kubebea hata askofu. Alicheka, akaja kuyaona, akayagonga, akayapenda. Tukabadilishana. Mkokoteni ule uliishi miaka na miaka, na mpaka anazikwa mjomba alikuwa akiwaambia watu kwamba ni yeye aliyewachagulia masista magurudumu.

Ya kwetu yaliingia. Breki hazikufika kwenye janti, kwa kuwa gurudumu lilikuwa fupi, hivyo tulirudi kwa fundi wa Kadutu, akanisamehe, akachukua tupa akarefusha matundu mpaka mipira ya breki ikashuka mahali pake. Baba aliweka kidole kati ya tairi na uma.

“Kidole yangu haipite hapa,” akasema.

“Kidole haisomake, baba,” nikamjibu.

Sitawadanganya, ilikuwa mbaya. Ilifanana na kijana wa mjini aliyevaa buti za shambani. Mtaa mzima ukaiita “course ya masista,” na mama wa ndizi aliuliza kama sasa nimeingia utawa. Baba hakuitazama kwa wiki nzima. Kisha Jumapili moja baada ya misa nikamkuta amechuchumaa, anazing'arisha janti kwa kitambaa chake cha mfukoni.

Siku hizo ndizo ninazozikumbuka zaidi. Mawe ya salongo yalikuja na tairi ikayameza. Nilipita penye matofali nikiimba. Mvua ikinyesha, chuma kile kilikuwa kibaya kwa breki, kinateleza kama sabuni, nami nilijifunza kushusha mguu mapema na kumwomba Bikira Maria mapema zaidi. Lakini nilifika. Jioni niliupita mji wote, nikaipita harufu ya kiwanda cha bia, nikapanda kilima nimesimama juu ya pedali, na nikiingia uani kengele ilikuwa bado imelala. Mama alikuwa kwenye kigoda chake. Hakunisifu. Alinisogezea sahani. Leo vijana wanapanda kilima kile kwa pikipiki, wameegemea nyuma, na hawajui hata kilima kina harufu gani mahali gani. Siwaonei wivu. Nawaonea huruma kidogo.

Msimu wa mvua wa mwaka wangu wa pili, siku za mitihani, mvua ilinyesha mchana kutwa. Ilipokatika nilitoka shule na muda bado upo. Nilipofika karibu na korongo nikakuta malori yamesimama na watu wameshika viuno: mlima ulikuwa umeshuka juu ya barabara. Njia iliyobaki ilikuwa ya miguu, kando, ndani ya migomba.

Nikaingia nikiisukuma. Wanaojua udongo wetu mwekundu wanajua. Kwanza ulishika tairi. Kisha ukajaa kwenye ile nafasi ndogo niliyoifurahia, kati ya tairi na uma, mpaka magurudumu yakakataa kuzunguka. Nikakwangua kwa kijiti, nikaenda hatua chache, yakajaa tena. Yalikuwa mazima kabisa. Hakuna reyo iliyokatika, hakuna janti iliyopinda, na hayakwenda mbele wala nyuma. Niliyachagua mwenyewe, hapakuwa na mzungu wala mjomba wa kulaumu. Nikaipandisha baiskeli begani, mfuko wa vitabu shingoni, nikapanda nikiteleza.

Kengele ikalia nikiwa bado katikati ya migomba. Naikumbuka vizuri kuliko kengele ya arusi yangu. Nilisimama mpaka ikamaliza, kama tulivyofundishwa, lakini sikusali. Niliketi kwenye shina la mgomba uliokatwa, nikaitupa baiskeli chini, nikalia kwa sauti. Mtihani wa mwisho ulikuwa kesho yake. Nilijiona tayari nimeshika jembe.

Nilipoinua uso mtu alikuwa akishuka kwenye njia. Alikuwa mama, miguu mitupu, kikwembe kimepandishwa, na mkononi ameshika mugozi, ile kamba ambayo wanawake wa kwetu hubebea mizigo: mzigo mgongoni, mkanda wake kwenye paji la uso.

“Umeumia?”

“Hapana, maman.”

“Kinga imevunjika?”

“Hapana. Ni matope tu.”

Aliiinua baiskeli, akaizungusha kamba huku na huku kama anayefunga kuni, akachuchumaa, akaweka mkanda kwenye paji la uso, akasimama nayo. Nikamwambia aniachie, mimi ndiye kijana.

“Beba vitabu yako,” akasema.

Tukapanda. Mimi nilikuwa nyuma, nayatazama magurudumu yangu mawili yamevuka kichwa chake. Nilitaka kuuliza na niliogopa kuuliza. Nyumba za kwanza zilipoonekana sikuvumilia tena.

“Maman, kengele imelia.”

“Nimesikia.”

“Basi kesho nabakia?”

Mtu mwenye mugozi kwenye paji la uso hawezi kugeuza kichwa. Mama aliongea akiitazama njia iliyokuwa mbele yake.

“Nilisema kengele ikilia usikuwe bado ku njia,” akasema. “Sikusema nitakuacha ku njia.”

Asubuhi niliamka mapema, nikadhani nimekuwa wa kwanza. Nikamkuta uani. Baiskeli ilikuwa imegeuzwa miguu juu, na mama amechuchumaa kando yake na kijiti na bakuli la maji, anatoa matope kwenye magurudumu, reyo moja baada ya nyingine. Alama ya mugozi ilikuwa bado kwenye paji la uso wake.